Usukani wa Kaboni: Pima Mabega Kabla ya Kupima Gramu

Waendeshaji wa baiskeli za milimani wakifikiria kubadili usukani, swali la kwanza huwa ni moja: upi ni mwepesi kuliko wote? Siwalaumu. Wauzaji huandika uzito kwa tarakimu kubwa juu ya boksi, na kaboni ina sifa ya wepesi tangu siku ya kwanza ilipofungwa kwenye baiskeli. Lakini usukani ndio unaoshikwa na mikono yako yote miwili unaposhuka kwenye mawe kwa kasi. Ukikatika hapo, unaweza kupoteza breki na mwelekeo kwa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uzito uwe jambo la mwisho kuangaliwa, baada ya vipimo vya mwili wako, aina ya njia unazopita na namna usukani utakavyofungwa.

Gramu 100 zinakupa nini?

Tuanze na hesabu yenyewe. Usukani mzuri wa alumini wenye upana wa milimita 780 kwa kawaida una uzito wa gramu 280 hadi 350. Wa kaboni wenye upana huohuo, uliotengenezwa kuhimili njia ngumu, huwa na gramu 200 hadi 250. Zile sukani nyembamba za mashindano ya krosikantri hushuka hadi kati ya gramu 120 na 180. Kwa wengi wetu, basi, kuhama kutoka alumini kwenda kaboni ni kuokoa takriban gramu 100.

Chukua mlima wenye mpando wa mita 1,000 kwenda juu, na miguu inayotoa nguvu ya wati 200. Kupandisha gramu 100 hadi kimo hicho kunahitaji jouli 981, ambazo ni kazi ya miguu ya sekunde zisizozidi 5. Mpando wenyewe, kwa mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 95, utakuchukua zaidi ya saa nzima. Kwa anayewania medali, sekunde 5 zina thamani. Anayepanda vilima vya Ngong siku ya Jumapili au anayezunguka vijiji vya Usambara hatazisikia. Anayetafuta wepesi kwa bei nafuu aanze na magurudumu: tyubu moja ya inchi 29 ina uzito wa karibu gramu 200, na kuiondoa ukaweka dawa ya kuziba matundu hupunguza uzito na pia hukuruhusu kuendesha kwa upepo mdogo zaidi ndani ya tairi.

Sababu nzito ya kununua kaboni ni nyingine. Mtengenezaji wa usukani wa alumini anaweza kubadilisha unene na umbo la bomba, basi. Wa kaboni anapanga pia nyuzi zenyewe zielekee wapi, kwa hiyo anaweza kuufanya usukani uwe mgumu unapouvuta kwa nguvu mlimani, na bado unywe sehemu ya mtetemo wa njia ya changarawe kabla haujafika viganjani. Ukitengenezwa vizuri, mikono huchoka taratibu zaidi. Ukitengenezwa kwa ugumu kupita kiasi, utakutesa kuliko alumini. Neno kaboni peke yake halikuhakikishii raha.

Nyuzi zinavyobeba mzigo

Nyuzi za kaboni za aina tunayoitumia leo zilitokana na utafiti wa Akio Shindo nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wa maabara ya ndege ya Farnborough, Uingereza, katika muongo huohuo. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuziuza kibiashara mwaka 1971. Usukani hutengenezwa kwa vitambaa vya nyuzi hizo vilivyoloweshwa gundi ya epoksi. Tabaka moja huelekezwa kufuata urefu wa bomba ili kuzuia kupinda, jingine hulazwa kwa pembe ya digrii 45 ili kuzuia kujisokota, na jingine huzungushwa ili bomba lisibonyee. Kisha vyote hubanwa ndani ya kalibu na kuokwa hadi gundi igande.

Mwanzi ndio mfano wa karibu. Nyuzi zake hufuata urefu, kwa hiyo unaupinda na kuuachia mara nyingi bila madhara. Lakini ubane kwa jiwe au ugonge ubavuni kwa panga, nao hupasuka. Kaboni ina tabia hiyo. Kupindapinda kwa miaka huivumilia vizuri kuliko alumini, ambayo huchoka kidogo kidogo kwa kila mzigo unaorudiwa. Adui wa kaboni ni mbano uliozidi mahali pamoja, mkwaruzo wa ncha kali na pigo la jiwe. Na inaposhindwa, mara nyingi hukatika ghafla bila kupinda kwanza na kukuonya.

Vipimo vinne vya kuangalia

Kipimo cha kwanza ni upana. Mwaka 1976, Charlie Kelly, Gary Fisher, Joe Breeze na wenzao walipoanza mbio za Repack kwenye miteremko ya Marin, California, baiskeli zao kuukuu zilikuwa na sukani pana za chuma. Miaka ya 1990 mtindo ukageuka, sukani zikafupishwa hadi chini ya milimita 600. Leo tumerudi kwenye upana: milimita 720 hadi 760 kwa krosikantri, 760 hadi 800 kwa njia ngumu na za kuteremka. Upana hukupa nguvu ya kuongoza gurudumu la mbele linapogonga jiwe, lakini ukizidi mabega yako, viwiko hunyooka, kifua huinama na huwezi kugeuza baiskeli sawasawa kwenye kona kali. Njia rahisi ya kujua kipimo chako ni kulala sakafuni na kupiga pushapu chache bila kufikiria mikono iko wapi. Mikono ikishatulia pale ilipozoea, mwambie mtu apime kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja hadi wa kingine. Anzia hapo. Wanaopita njia finyu katikati ya miti, kama zile za msitu wa Karura, wapunguze kidogo.

Cha pili ni mkunjo wa kurudi nyuma, ambao kwa sukani nyingi ni digrii 7 hadi 9. Huu ndio unaoamua kifundo cha mkono kikae vipi. Ukisikia ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pembeni yake baada ya safari ndefu, neva ya upande ule wa kiganja inabanwa. Mara nyingi mkunjo tofauti wa digrii mbili au tatu, au kuuzungusha usukani kidogo tu, huleta nafuu kuliko gripu za bei ghali.

Cha tatu ni kimo. Usukani ulionyooka huweka kifua chini, jambo linalofaa mpandoni. Ulioinuka milimita 20 hadi 40 hukupa ujasiri kwenye mteremko. Baiskeli za magurudumu ya inchi 29 tayari ziko juu mbele, kwa hiyo mwendeshaji mfupi asikimbilie usukani ulioinuka.

Cha nne ni unene wa katikati, pale panapobanwa na stemu, yaani kipande kinachounganisha usukani na foki. Baiskeli za zamani hutumia milimita 25.4, nyingi za sasa 31.8, na nyingine 35. Vipimo hivi haviingiliani. Soma namba iliyoandikwa kwenye stemu yako kabla ya kulipa. Usidhani kwamba 35 ni bora kwa kuwa ni nene; sukani nyingi za 31.8 ni laini zaidi mikononi na zina nguvu ya kutosha. Kuna pia sukani zilizounganishwa na stemu kuwa kipande kimoja. Ni nyepesi na zinapendeza, ila ukigundua urefu haukufai huwezi kubadili kimoja ukabakiza kingine, wala huwezi kuuzungusha usukani kutafuta pembe yako.

Usukani umeundiwa njia gani?

Usukani halali hutaja kiwango ulichopimwa. ISO 4210 ndicho kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Katika jaribio lake la uchovu, usukani husukumwa na kuvutwa na mashine mara 100,000 kwa namna ya mikono inayopishana, kisha mara 100,000 nyingine kwa mikono inayokwenda pamoja. Kampuni nyingi huongeza daraja la matumizi. Daraja la 3 ni la njia za porini zenye kuruka kusikozidi sentimita 61. Daraja la 4 hufika sentimita 122, na la 5 ni la kuteremka na kuruka kwa nguvu zote. Usukani wa gramu 130 wa daraja la 3 si mbovu; ubaya huja unapoupeleka kwenye kazi ya daraja la 5. Soma pia ukomo wa uzito wa mwendeshaji. Baadhi ya sukani nyepesi sana zina ukomo huo, na mtu mwenye kilo 100 anayebeba begi la maji mgongoni anapaswa kuujua.

Kufunga ndiko kazi ilipo

Sukani nyingi za kaboni huharibiwa karakanani kabla hata ya kuonja njia. Elenki ya mkononi, ile spana ya pembe sita, haikwambii umekaza kiasi gani, na fundi mwenye mkono mzito anaweza kuponda nyuzi zilizo chini ya stemu bila kusikia chochote. Unahitaji spana ya toki, ambayo hupima nguvu ya kukaza kwa nyutonimita. Bolti za stemu kwa kawaida hutaka 4 hadi 6, na za breki na gia hupungua zaidi. Namba huchorwa kwenye stemu yenyewe na kwenye usukani; zikitofautiana, fuata iliyo ndogo.

Kwanza fungua stemu na upitishe kidole ndani yake taratibu. Ukihisi kingo kali au kijipande cha chuma kilichochomoza, kilainishe kwa msasa laini, maana hicho ndicho kitakachokwaruza kaboni. Safisha stemu na usukani kwa spiriti. Usipake grisi, itafanya usukani uteleze, nawe utakaza zaidi ili uushike. Paka mafuta maalumu ya kaboni yenye chembechembe ndogo za plastiki. Chembe hizo huongeza msuguano, hivyo usukani hushika kwa mbano mdogo. Kisha kaza bolti nne kwa kupishana kona kwa kona, robo mzunguko kila moja, ukihakikisha pengo la juu na la chini la stemu linalingana, isipokuwa pale mtengenezaji wa stemu anapoagiza lizibwe upande mmoja. Breki na gia zifungwe zisiteleze unapoendesha, lakini ziweze kuzunguka ukianguka. Mkono wa breki usiozunguka huchimba kaboni.

Kama upana unazidi, fuata mistari ya kukatia iliyochorwa mwishoni mwa usukani na usipite ule wa mwisho. Zungushia utepe wa gundi, lowesha, tumia msumeno wenye meno madogo, na uvae barakoa, kwa kuwa vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu. Lainisha ncha kwa msasa.

Baada ya kuanguka, na kwenye mitumba

Kila baada ya miezi kadhaa, fungua stemu na gripu uangalie sehemu zinazojificha. Mkwaruzo wa rangi tu si tatizo. Mstari unaonasa ukucha, doa jeupe chini ya rangi, au sehemu inayobonyea kwa kidole gumba ni tatizo. Pitisha kipande cha pamba juu ya usukani. Nyuzi zilizokatika huinasa. Ukianguka vibaya, usukani ukagonga jiwe au mti, ubadilishe hata kama macho hayaoni kitu, kwa sababu tabaka za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya juu ikiwa nzima.

Kwa sababu hiyohiyo nashauri usinunue usukani wa kaboni uliotumika. Masoko yetu ya mitumba huleta baiskeli nzuri kutoka Japani na Ulaya, na fremu ya chuma au alumini unaweza kuikagua kwa macho. Historia ya usukani wa kaboni huwezi kuikagua. Ukinunua baiskeli ya mtumba iliyokuja nao, panga bajeti ya kuubadilisha. Na ukikutana na usukani mpya usio na jina la mtengenezaji, usio na kiwango, usio na namba ya kukaza, kwa bei ya chini ya alumini, uache ulipo. Rahisi ghali, na hapa ghali yake ni meno na mifupa ya bega.

Ushauri wangu kwa msomaji, basi, ni huu. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua usukani mzuri wa alumini wenye upana na mkunjo unaokufaa; utakutumikia vyema na utasamehe makosa mengi. Kama umeamua kuwa na kaboni, nunua spana ya toki kwanza, au hakikisha fundi wako anayo na anaitumia mbele yako. Asiye nayo, mwombe aiache kazi hiyo.