Nakala za Harusi: Ununue Mashine Gani Kasulu?

Mwaka juzi nilipeleka flashi ya harusi kwa familia moja ya Heru Juu. Mama wa bwana harusi alishatandika mikeka na kuita majirani. Runinga ikawashwa, flashi ikachomekwa, kioo kikaandika kwamba hakuna faili. Kwenye laptop yangu video ilikuwa inacheza bila tatizo. Kosa lilikuwa langu: niliifomati flashi kwa exFAT, na runinga ile ilisoma FAT32 tu. Tangu siku hiyo, kijana anayeanza kazi hii akiniuliza anunue mashine gani ya kutolea nakala, mimi humuuliza kwanza: nakala hiyo itachezwa kwenye nini?

Tuchukue harusi moja ya kawaida. Video iliyokwisha kuhaririwa ina urefu wa saa tatu, na zinatakiwa nakala sita: ya maharusi, mbili za wazazi wa pande zote, ya msimamizi, ya mwenyekiti wa kamati na ya ndugu aliyeko Dar es Salaam.

Deki za VHS

Kanda hunakiliwa kwa muda ule ule inaocheza. Ukiwa na deki moja ya kucheza na moja ya kurekodi, nakala sita ni saa 18 za kazi, na kila ukinakili kutoka kwenye nakala, rangi zinafifia na sauti inachafuka. Tena Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki hizi, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo vipuri ni vya kubahatisha.

Hata hivyo, ukipata deki moja nzima, inunue kwa kazi nyingine: kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta. Binti mmoja aliniletea mkanda wa harusi ya wazazi wake, umeanza kuota ukungu pembeni. Alichokuwa anakitafuta ni dakika chache tu za marehemu babake akitoa nasaha. Kazi ya namna hiyo familia hulipia kwa moyo mkunjufu. Ila mkanda wenye ukungu usafishwe kwanza. Ukiuingiza hivyo hivyo, unachafua vichwa vya deki na kuambukiza mikanda mingine.

DVD

DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, yaani takriban saa mbili za picha nzuri. Harusi yetu inahitaji diski mbili kwa kila nakala, jumla 12. Ukichoma kwa laptop, kila diski kama dakika kumi, unamaliza kwa saa mbili au zaidi kidogo, huku ukikaa karibu kubadilisha diski. Mashine yenye tundu moja la kusomea na saba ya kuchomea inamaliza kazi hiyo kwa awamu mbili, na haihitaji kompyuta.

Lakini fikiria umeme. Kasulu iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika mwaka 2022, na mpaka leo hakuna fundi anayefanya kazi bila kuwaza kukatika. DVD-R iliyokatikiwa katikati haichomwi tena. Ni ya kutupa. Kwa laptop yenye betri hupotezi kitu. Kwa mashine kubwa isiyo na UPS unatupa diski saba kwa mpigo.

Jambo jingine ni ubora. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576, wakati kamera ya siku hizi hurekodi 1920 kwa 1080, mara tano ya hizo.

Flashi

Saa tatu za video ya H.264 kwa megabiti 8 kwa sekunde ni karibu GB 11, zinaenea kwenye flashi ya GB 16. FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, kwa hiyo gawa video vipande vya saa moja moja. Flashi ya bei nafuu ikiandika MB 8 kwa sekunde inapokea video hiyo kwa dakika 23 hivi. Kwa habu ya USB yenye umeme wake unajaza nne pamoja, na sita zinakamilika chini ya saa moja.

Ubaya wake ni gharama. Tufanye DVD moja ni shilingi 1,000 na flashi ni 10,000: diski 12 ni shilingi 12,000, flashi sita ni 60,000. Weka bei za duka lako, hesabu ni ile ile. Usiimeze tofauti hiyo. Iandike kwenye makubaliano, au mteja alete flashi zake. Na kabla ya kununua nyingi, jaribu moja kwa kuijaza yote. Zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata GB 8.

Anza na nini?

Kwa anayepata harusi mbili tatu kwa mwezi, ushauri wangu ni huu. Kwanza nunua diski mbili za nje za kuhifadhia video mama, uweke moja ofisini na nyingine nyumbani. Pili, UPS. Tatu, habu ya USB. Nne, kifaa cha kuchomea DVD cha kuchomeka kwenye laptop, kwa ajili ya wazee ambao deki zao bado zinafanya kazi. Mashine ya tundu saba isubiri mpaka oda za DVD zenyewe ziilazimishe.

Na siku ya kukabidhi, usiishie kutoa bahasha mlangoni. Ingia ndani, chomeka kwenye runinga yao, subiri mpaka mama amwone mwanawe. Hapo ndipo kazi imeisha.