Nafasi Tupu Katika Insha za Wanafunzi: Tahadhari kwa Watumiaji wa XML

Katika makala haya tunaeleza jambo dogo linaloweza kupotosha utafiti wa mwalimu anayehifadhi insha za wanafunzi katika hifadhidata: nafasi tupu kati ya maneno.

XML ni utaratibu wa kutia alama maandishi, uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 1998. Kwake nafasi tupu ni herufi nne tu: nafasi ya kawaida, tabo na alama mbili za kumaliza mstari.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameandika "Juma ana soma" badala ya "Juma anasoma". Maadamu sentensi yote imo ndani ya elementi moja, nafasi hiyo iko salama. Lakini tukitaka kuchanganua kitenzi, tunaandika hivi:

<kitenzi><viambishi>ana</viambishi> <shina>soma</shina></kitenzi>

Sasa nafasi imebaki peke yake kati ya tagi mbili. DB2 ya IBM na SQL Server ya Microsoft, zisipoagizwa vinginevyo, huiona kuwa ni pambo tu na kuiondoa. Kinachobaki ni "anasoma". Kosa limejisahihisha lenyewe, na tukihesabu makosa ya kutenganisha maneno, la mwanafunzi huyu halitaonekana. Kinyume chake pia hutokea: programu inayopanga tagi kila moja katika mstari wake huongeza nafasi, na aliyeandika "anasoma" kwa usahihi akahesabiwa kuwa amekosea.

Hatari ni kubwa zaidi wakati wa kusasisha. Tunapobadilisha waraka wote, hata kama ni kwa kuongeza alama moja tu ya mwalimu, hifadhidata huusoma upya tangu mwanzo. Agizo tulilolitoa siku ya kwanza haliuhusu waraka huu mpya. Hivyo basi, katika DB2 ni lazima tuandike PRESERVE WHITESPACE ndani ya XMLPARSE kila tunaposasisha. Katika SQL Server, tunaongeza namba 1 mwishoni mwa CONVERT.

Kwa kuwa kusahau ni rahisi, tunapendekeza agizo liwekwe ndani ya waraka wenyewe, kwenye elementi ya kwanza:

<insha xml:space="preserve">

Elementi zote zilizomo huirithi sifa hii, na hifadhidata zote mbili tulizozitaja huiheshimu. Hata hivyo, haizuii programu ya kuhariri isiyoijali kuongeza nafasi kabla waraka haujafika kwenye hifadhidata.

Aidha, tuweke nakala ya kila insha kama ilivyoandikwa, bila tagi yoyote. Baada ya kusasisha, tuondoe tagi katika waraka na kulinganisha idadi ya maneno na ile ya nakala. Zikitofautiana, tusianze kuhesabu makosa ya wanafunzi kabla ya kujua ni nani aliyeyafanya: wao au kompyuta.