Fedha, Majalada na Majengo: Sheria Zinazoibeba Mahakama Dodoma

Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na ibara ya 107B inawataka majaji na mahakimu wawe huru katika kazi hiyo. Hata hivyo, mhimili huu haukusanyi kodi. Uhuru wake hutegemea sheria zinazoamua nani anatoa fedha, nani anatunza majalada na nani anasimamia majengo.

Kwa upande wa fedha, ibara ya 142 inaagiza mishahara ya majaji ilipwe moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, ili mshahara wa jaji usigeuke silaha ya kumtisha. Matumizi mengine hupitia Fungu 40, ambalo Waziri wa Katiba na Sheria huliombea idhini bungeni Dodoma. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 iliongeza Mfuko wa Mahakama na cheo cha Mtendaji Mkuu wa Mahakama. Kabla ya hapo, Msajili alibeba mashauri na utawala kwa pamoja. Sasa Msajili anashughulikia mashauri, na Mtendaji Mkuu anashughulikia bajeti, ununuzi na ujenzi. Mfuko huo, pamoja na jina lake, bado hutegemea kiasi ambacho Bunge limeidhinisha na Hazina imekitoa.

Kwa upande wa kumbukumbu, uzito wa jalada huonekana wakati wa rufaa. Aliyeshindwa katika mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na mahakama hiyo huamua kwa kusoma mwenendo wa shauri ulioandikwa kule chini. Jalada likipotea masijala, rufaa hukwama. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu kufungua mashauri kwa njia ya mtandao, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani sasa husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Awali mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili, lakini kumbukumbu za ngazi za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wadaawa wengi hawakuweza kuisoma.

Majengo ndiyo yanayokula fedha nyingi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inataka kila wilaya iwe na mahakama ya wilaya na mahakama za mwanzo. Dodoma Vijijini ilipogawanywa kuwa Bahi na Chamwino, na Chemba ilipomegwa kutoka Kondoa, wajibu huo uliongezeka papo hapo. Sheria huanzisha mahakama kwa sentensi moja, lakini jengo husubiri kiwanja, bajeti na mkandarasi. Katika kipindi hicho mashauri husikilizwa wilaya mama, na mdaawa na mashahidi wake hubeba nauli.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 65 kwa maboresho ya Mahakama. Miongoni mwa matunda yake ni Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita, vilivyozinduliwa Oktoba 2021: Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, Kinondoni na Temeke. Kituo kimoja hukusanya ngazi kadhaa za mahakama pamoja na ofisi za wadau wengine wa haki, hivyo mwananchi hapigwi danadana kutoka jengo hadi jengo. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Makao Makuu ya Mahakama jijini Dodoma, miaka 52 baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko.

Kwa hiyo Dodoma mjini imepata majengo ya hadhi, lakini kipimo cha sheria hizi kiko vijijini, ambako mashauri mengi huanzia. Fungu 40 hujadiliwa kila mwaka katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili. Huo ndio wakati wa mkazi wa Chemba, Bahi au Mpwapwa kumuuliza mbunge wake ni mahakama ngapi za mwanzo zitajengwa au kukarabatiwa jimboni, na kwa fedha ipi.