Sauti Moja Gizani: Klabu ya Vesper na Ushindi wa Tokyo

Jioni ya tarehe 15 Oktoba, 1964, giza lilikuwa limekwisha kuingia katika mfereji wa Toda, karibu na jiji la Tokyo. Kutwa nzima upepo mkali ulikuwa umevuruga maji, na mashindano ya mashua ya Michezo ya Olimpiki yakaahirishwa saa baada ya saa. Ilipofika zamu ya shindano la mwisho, lile linalongojewa kuliko yote, waliokuwa ukingoni walikuwa hawaoni vizuri nyuso za jirani zao. Ilibidi fataki za mwanga zirushwe angani na taa za magari ziwashwe, ndipo ukomo wa mbio upate kuonekana.

Katika giza hilo mashua sita zilijipanga: Marekani, Ujerumani, Chekoslovakia, Yugoslavia, Urusi ya Kisovieti na Italia. Kila mashua ilikuwa na wapiga makasia wanane na mshika usukani mmoja. Mashua ya Marekani haikuendeshwa na wanafunzi wa chuo kikuu, kama ilivyokuwa desturi kwa zaidi ya miaka arobaini. Iliendeshwa na watu wa klabu moja ya mjini Philadelphia iitwayo Vesper, na miongoni mwao walikuwamo maafisa wanne wa majeshi.

MCHEZO USIOSAMEHE KOSA

Msomaji aliyezoea mitumbwi ya Ziwa Victoria, ambamo kila mtu hushika kafi na kutazama aendako, huenda akaushangaa mchezo huu. Mashua ya watu wanane ina urefu wa mita kumi na saba hivi, lakini upana wake haufiki mita moja. Wapiga makasia huketi mmoja nyuma ya mwenzake, juu ya viti vitelezavyo, na kila mmoja hushika kasia moja refu kwa mikono miwili. Wote huupa mgongo mwisho wa safari. Wanaona walikotoka, bali hawaoni waendako.

Mtu mmoja tu ndiye aonaye mbele, naye ni mshika usukani. Huyu huwa mtu mdogo wa umbo, asiyegusa kasia hata mara moja. Kazi yake ni kuiongoza mashua, kuhesabu mapigo, na kuwaambia wenzake wakati wa kutunza nguvu na wakati wa kuzitumia zote. Mkabala wake huketi kiongozi wa mapigo, ambaye saba walio nyuma yake humfuata. Kasia moja likichelewa kutoka majini kwa kitambo kidogo tu, mashua hulemea upande mmoja, na jasho la watu wote hupotea bure. Mbio ni za mita 2,000, nazo humalizika kwa dakika zipatazo sita. Hakuna nafasi ya kupumzika, wala ya kubishana.

KLABU YENYE JERAHA LA ZAMANI

Klabu ya Vesper ilianzishwa mwaka 1865 kando ya mto Schuylkill, unaopita katikati ya Philadelphia. Zamani ilikuwa na sifa kubwa. Mashua yake ya watu wanane ilishinda Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, na ikashinda tena St. Louis mwaka 1904. Baada ya hapo vyuo vikuu ndivyo vilivyoshika hatamu, na klabu za watu wa kazi zikasahauliwa.

Zaidi ya kusahauliwa, Vesper iliwahi kuaibishwa. Mwaka 1920 mmoja wa watu wake, John B. Kelly, aliomba kushindana katika mashindano mashuhuri ya Henley, nchini Uingereza. Kelly alikuwa amefanya kazi ya uashi kwa mikono yake, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alivaa sare za jeshi la nchi yake. Ombi lake lilikataliwa. Klabu yake ilikuwa imepigwa marufuku huko Henley baada ya mgogoro wa mwaka 1905 juu ya fedha za safari. Tena kanuni za wakati ule hazikumruhusu mtu aliyepata riziki yake kwa kazi ya mikono kushindana pamoja na mabwana.

Kelly hakurudisha tusi kwa tusi. Mwaka uo huo alikwenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye Michezo ya Olimpiki, akamshinda Mwingereza Jack Beresford kwa sekunde moja tu katika mashua ya mtu mmoja. Siku hiyo hiyo, baada ya mapumziko mafupi, aliingia majini tena pamoja na binamu yake Paul Costello, wakashinda mashua ya watu wawili. Mwanawe, John Kelly wa pili, alikwenda Henley mwaka 1947 akaitwaa ile ile tuzo ya Almasi ambayo babake alinyimwa hata nafasi ya kuigombea, na mwaka 1949 akaitwaa mara ya pili. Wapenzi wa sinema watawajua watu hawa kwa njia nyingine: binti wa mzee Kelly ni Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na Mwana wa Mfalme wa Monako mwaka 1956.

KUSHINDWA KWA ROMA

Tangu mwaka 1920 hadi 1956, Marekani ilishinda mashua ya watu wanane katika kila Michezo ya Olimpiki iliyofanyika, mara nane mfululizo. Ushindi wa kwanza na ule wa mwaka 1952 uliletwa na chuo cha maafisa wa Jeshi la Wanamaji. Chuo hicho hicho ndicho kilichokwenda Roma mwaka 1960, na huko kikaambulia nafasi ya tano. Mshindi alikuwa Ujerumani.

Nyuma ya ushindi wa Wajerumani alikuwako mwalimu wa shule aitwaye Karl Adam, wa mji mdogo wa Ratzeburg. Adam hakuwa amekulia katika mchezo wa makasia. Ujana wake aliutumia katika ngumi. Kwa kuwa hakufungwa na mazoea ya wazee wa mchezo huo, aliuliza upya kila jambo: umbo la kasia, mpango wa mazoezi, kasi ya mapigo. Matokeo yake yaliwashtua wote waliodhani kwamba hakuna jipya la kujifunza.

Huko Philadelphia, Kelly wa pili aliuona mlango umefunguka. Wanafunzi wa chuo hupiga makasia miaka michache tu, kisha huondoka na kuacha mchezo wakati miili yao ndiyo kwanza inakomaa. Vesper iliamua kukusanya watu wazima.

KIKOSI CHA WATU WASIOFANANA

Watu hao hawakufanana hata kidogo. Bill Stowe, kiongozi wa mapigo, alikuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji aliyekuwa amehudumu Vietnam. Emory Clark alikuwa afisa wa kikosi cha Marines. Ndugu wawili, Tom na Joe Amlong, walikuwa maafisa pia, mmoja wa jeshi la nchi kavu na mwingine wa jeshi la anga. Boyce Budd alikuwa mhitimu wa chuo kikuu cha Yale, kama Clark. Hugh Foley alikuwa na miaka 20 na Stan Cwiklinski miaka 21, wote wawili wakiwa bado wanafunzi. Bill Knecht alikuwa na miaka 34, mtu mwenye mke na watoto. Mwalimu wao, Allen Rosenberg, alikuwa mtu mfupi aliyesomea ufamasia na sheria, naye mwenyewe aliwahi kuwa mshika usukani.

Wa tisa ndiye wa ajabu kuliko wote. Robert Zimonyi alizaliwa Hungaria mwaka 1918. Katika Michezo ya London ya mwaka 1948 aliiongoza mashua ya nchi yake na kupata nishani ya shaba. Baada ya maasi ya mwaka 1956 kuzimwa, aliihama nchi yake, akafika Philadelphia na kuanza maisha upya katika lugha asiyoizoea. Mwaka 1964 alikuwa na miaka 46, umri wa kuwa baba wa baadhi ya wale aliowaongoza.

Watu hawa hawakuwa marafiki wote. Ndugu Amlong walijulikana kwa maneno makali, na ugomvi haukuwa jambo geni katika mashua ya Vesper. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hapa kila mmoja alikuwa na tabia ya nahodha. Kilichowaokoa ni kwamba ugomvi wao ulikoma mashua ilipoanza kwenda. Majini maluteni waliyaacha madaraka yao nchi kavu, wakamtii raia mmoja mdogo wa umbo, mgeni, mwenye Kiingereza cha lafudhi ya Kihangaria.

Mwezi Julai, 1964, mashindano ya kuchagua wawakilishi yalifanyika New York. Wengi walitarajia vijana wa chuo kikuu cha Harvard, waliokuwa na sifa kubwa mwaka ule. Vesper iliwashinda, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sitini klabu hiyo ikarudi kwenye mashua kubwa ya Olimpiki.

USIKU WA TOKYO

Mfereji wa Toda ulichimbwa kwa ajili ya Michezo ya mwaka 1940, ambayo haikufanyika kwa sababu ya vita. Miaka ishirini na minne baadaye ulipata kazi uliyokusudiwa.

Katika mbio za mchujo Vesper ilikutana na Wajerumani ana kwa ana, ikashindwa kwa chini ya nusu ya sekunde. Kushindwa huko kulimaanisha kwamba ilipaswa kupigana tena katika mbio za pili za mchujo ndipo ipate nafasi ya fainali, wakati Wajerumani wakipumzika. Kwa kikosi chenye ndimi kali, hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa. Mtu aliyeshindwa kwa kiasi kidogo hutafuta wa kumlaumu, naye mara nyingi humwona aliyeketi mbele yake. Vesper haikuvunjika. Ilishinda mbio za pili, ikaingia fainali.

Kisha likaja lile giza la tarehe 15. Kwa wapiga makasia, giza halikubadili mengi, kwani wao hata mchana hawaoni waendako. Lakini mchana, mpiga makasia huweza kutupa jicho pembeni na kujua kama yuko mbele au nyuma ya adui. Usiku ule msaada huo ulipungua sana. Iliwabidi wategemee mambo mawili tu: mapigo ya Stowe na sauti ya Zimonyi.

Mashua yao ilifika ukomo kwa dakika 6 na sekunde 18.23. Wajerumani walikuwa wa pili kwa dakika 6 na sekunde 23.29, na Chekoslovakia wa tatu kwa dakika 6 na sekunde 25.11. Yugoslavia ilikuwa ya nne, Urusi ya Kisovieti ya tano na Italia ya sita. Wale waliokuwa wamewashinda siku chache kabla kwa chini ya nusu ya sekunde, sasa waliachwa kwa zaidi ya sekunde tano. Katika mchezo huu, huo ni ushindi usio na ubishi.

Zimonyi, aliyepata shaba akiwa mwana wa Hungaria, alivikwa dhahabu akiwa raia wa Marekani. Knecht alirudi kwa mkewe na wanawe. Foley na Cwiklinski walirudi masomoni. Stowe baadaye alikwenda kufundisha mchezo huo katika chuo cha maafisa wa Walinzi wa Pwani wa Marekani.

LILILOBAKI

Wajerumani hawakukaa kimya. Mwaka 1968 Ujerumani Magharibi ilitwaa dhahabu huko Mexico. Marekani nayo ilingoja hadi Michezo ya Athens ya mwaka 2004, miaka arobaini kamili, ndipo mashua yake ya wanaume wanane ikashinda tena. Lakini siku hizo timu huundwa kwa kuchagua watu kutoka pande zote za nchi. Klabu moja kwenda peke yake na kurudi na dhahabu, kama ilivyofanya Vesper, ni jambo ambalo Marekani haijaliona tena katika mashua hiyo.

Mara nyingi husemwa kwamba kikosi bora ni kile ambacho watu wake wanapendana kama ndugu. Ni heri iwe hivyo, iwe kambini, kituoni au nyumbani. Lakini upendo hauamrishwi, na kazi haingoji hadi uje. Watu tisa wa Vesper walionyesha njia kwa wale ambao bado hawajapendana: kila mmoja alishike kasia lake, alitie majini kwa wakati mmoja na mwenzake, na aitii sauti ya yule aliyekabidhiwa kuona mbele. Walishuka mashuani usiku ule wakiwa wale wale, na tabia zao zile zile, kila mmoja akiwa na nishani ya dhahabu shingoni.