Kioo cha Kijani Kilichowashinda Wenye Rangi

Msimu wa kuchagua mradi wa mwaka wa mwisho ukifika, visingizio ni vile vile. "Laptopu yangu mkweche." "Nasubiri vifaa vya kisasa vishuke bei." Bumu limeisha, na wazo nalo limefungiwa kabatini. Kabla hujapoteza ufunguo wa hilo kabati, ngoja nikupe habari za mashine moja iliyozaliwa ikiwa tayari imepitwa na wakati, na bado ikawagaragaza waliokuwa na kila kitu.

Mashine yenyewe ni Game Boy ya kampuni ya Nintendo. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989, ikaingia Marekani mwezi Julai mwaka huo huo. Hata kama hujawahi kuishika, huenda utotoni ulichezea vile vigemu vya bei poa vya kupanga matofali. Mchezo ule asili yake ni Tetris, na Game Boy ndiyo iliyoutia mikononi mwa mamilioni ya watu.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Gunpei Yokoi. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa Nintendo, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya kutengeneza karata. Kazi yake? Kutunza mashine za kiwandani. Mtu na digrii yake, anapaka grisi! Katika muda wake wa kukaa bure akajitengenezea mkono wa kuchezea, unaorefuka na kushika vitu vya mbali. Bosi wake, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumfukuza akamwambia aufanye bidhaa. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo Yokoi alishika falsafa moja: usikimbilie teknolojia mpya kabisa. Chukua ile iliyozoeleka, ambayo matatizo yake yanajulikana na bei yake imeshuka, kisha itafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Mwaka 1980 alikuwa ameshafanya hivyo. Ushindani wa viwanda vya kikokotoo ulikuwa umeshusha sana bei ya vioo vya LCD, naye akavitumia kutengeneza vigemu vya mfukoni vya Game & Watch. Kile kitufe chenye umbo la msalaba unachokiona kwenye pedi za gemu hadi leo kilianzia kwenye kimojawapo cha vigemu hivyo, Donkey Kong cha mwaka 1982.

Sasa tuifungue Game Boy yenyewe. Ndani kuna prosesa ya biti 8 iliyotengenezwa na Sharp, inayokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 4.19. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 8, na ya picha kilobaiti 8 nyingine. Kioo kina nukta 160 kwa 144, chenye vivuli vinne tu vya rangi moja ya kijani kijani. Sauti ina njia nne. Mchezo mzima wa Tetris ulikaa kwenye kaseti ya kilobaiti 32. Picha moja tu ya simu yako ni kubwa kuliko hapo.

Iliwezaje? Haikuhifadhi picha nzima nukta kwa nukta. Fikiria fundi wa vigae. Hachori sakafu yote, ana aina chache za vigae na ramani inayomwambia kipi kikae wapi. Kioo cha Game Boy kiligawanywa katika vigae 360, kila kimoja nukta 8 kwa 8. Kigae kimoja kilichukua baiti 16 tu, na kile kile kiliweza kurudiwa popote: ukuta, wingu, tofali. Ukitaka kubadilisha sehemu ya picha, unabadilisha namba kwenye ramani, basi.

Washindani wake walionekana kuwa na kila sababu ya kushinda. Atari Lynx ilitoka mwaka huo huo wa 1989, ina rangi na taa nyuma ya kioo. Game Gear ya Sega ikafuata mwaka 1990, nayo ya rangi. Ukiziweka mezani pamoja, Game Boy ilionekana kama radio ya babu.

Lakini taa na rangi zilikula umeme. Lynx na Game Gear zilitumia betri sita ndogo kila moja, na baada ya saa nne au tano hivi zilikuwa chali. Game Boy ilitumia betri nne na kudumu saa 15 au zaidi. Na bei? Marekani Game Boy iliuzwa dola 89.95, wakati Lynx ilianza na karibu dola 180. Mtoto aliyekuwa safarini na betri za kuomba kwa mzazi alijua hesabu yake. Game Boy, pamoja na ile ya rangi iliyotoka mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia takriban milioni 10.

Tuseme ukweli, kasoro zilikuwepo. Kioo kile hakikuonekana gizani, na vitu vikienda kasi viliacha kivuli nyuma. Yokoi alizikubali kasoro hizo kwa makusudi, kwa sababu gemu la kubeba likizima njiani halina maana.

Na urahisi peke yake si dawa. Mwaka 1995 Yokoi huyo huyo alitoa Virtual Boy, iliyotumia taa nyekundu tu kwa sababu zilikuwa nafuu. Hukuweza kutembea nayo, wachezaji walilalamika kuumwa macho na kichwa, na haikumaliza hata mwaka mmoja na nusu sokoni. Safari hii kilichoachwa ndicho mchezaji alichokihitaji.

Kwa hiyo ukikaa na msimamizi wako, usianze na orodha ya vifaa usivyonavyo. Mwambie mtumiaji wako ni nani, yuko wapi, umeme anaupata saa ngapi, mfukoni ana kiasi gani. Kisha chagua kitu kimoja ambacho hakitakiwi kushindwa, na uamue uko tayari kupoteza nini ili kisishindwe. Hilo linafanyika hata kwenye laptopu mkweche, na unaweza kulianza leo jioni.