Namna ya Kumpa Mgonjwa Dawa ya Malaria

Ubaya wa malaria wafahamika sana katika nchi ya Shinyanga, wala hapana haja ya kuueleza. Lakini dawa njema, ikitolewa visivyo, haimponyi mtu. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Isaka na vijiji vya Kahama matumizi ya dawa mseto iitwayo ALu, ambayo Serikali iliiweka badala ya SP mwaka 2006.

Kwanza damu ipimwe, maana si kila homa ni malaria. Kisha hutazamwa uzito: kilo 5 hata chini ya 15, kidonge 1, chini ya 25, vidonge 2, chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 na zaidi, vidonge 4. Kipimo hicho humezwa mara 6 kwa siku 3. Aliyeanza saa 2 asubuhi humeza tena saa 10 jioni. Siku mbili zifuatazo, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ale uji wenye maziwa au karanga, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Mtoto mdogo aketishwe wima, apondewe kidonge katika maji safi kidogo. Akitapika kabla ya nusu saa, arudiwe kipimo kile kile, na zahanati iombwe cha kufidia.

Sasa twaonya. Homa hushuka upesi. Mama humwona mtoto acheza, akaweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya mwingine. Hapo wote wawili wamekosa dawa. Maana katika kidonge kimoja mna dawa mbili: artemeta huua vijidudu vingi kwa haraka, lakini baada ya saa chache hutoka mwilini; lumefantrini hukaa siku kadhaa na kuvimaliza vilivyobaki. Asiyetimiza siku 3 huacha mabaki, na homa yaweza kurudi.

Mwenye degedege, aliyezimia, au asiyeweza kunywa asitiwe kidonge kinywani, kisije kikamsonga. Apelekwe hospitali mara moja, ijapokuwa usiku. Mwenye mimba na mtoto wa chini ya kilo 5 wasipewe dawa bila shauri la mganga.

Enyi wazee na walimu, wasomeeni haya wasiojua kusoma, mkawafundishe kuhesabu: mtu mzima amalize vidonge 24, na mtoto wa kidonge kimoja amalize 6.