Risasi mpya ya bastola: faida yake iko wapi?

Mjadala ulifanyika Tudor, katika ukumbi wa shule moja isiyo mbali na barabara ya Tom Mboya, nami nikaombwa niwe mwamuzi. Hoja ilikuwa imekwisha kuandikwa ubaoni: "Polisi wa Kenya waache risasi ya milimita 9, wapewe risasi mpya." Nilipoisoma nilitaka kumwuliza mwalimu aliyeniandikia barua kama hoja nyingine zote zilikuwa zimekwisha duniani. Mbona vijana wasijadili uhaba wa maji, au karo? Lakini nilinyamaza, na leo nashukuru kwamba nilinyamaza.

Kabla sijaendelea, msomaji wangu, yafaa tuelewane juu ya neno. Lugha yetu huiita risasi ile madini nzito ya kijivu. Hukiita risasi kile kipande kinachotoka mtutuni. Na hukiita risasi vilevile kitu kizima kinachotiwa ndani ya bastola, yaani ganda la shaba, baruti iliyomo ndani yake, fataki iliyo kitakoni, na kile kipande kilichobanwa mdomoni. Hapa nasema juu ya kitu kizima. Pini ya bastola huigonga fataki, fataki huiwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi hukisukuma kipande nje. Ganda halina budi kukaa katika chemba ya mtutu sawasawa kama ufunguo katika kufuli. Kwa hiyo abadilishaye risasi amebadilisha mtutu pia, na aghalabu bastola nzima.

Msemaji wa kwanza, kijana mrefu wa kidato cha nne, alikuja amejitayarisha. Alitueleza kwamba mwaka 2022 kampuni ya Federal ya Marekani ilitoa risasi iitwayo .30 Super Carry, nyembamba kuliko ile ya milimita 9. Kipenyo chake hakifikii hata milimita 8. Kwa wembamba huo, bastola yenye ukubwa ule ule hubeba risasi mbili au zaidi juu ya hesabu ya zamani. Ili nguvu isipungue, msukumo wa gesi umepandishwa: kikomo cha risasi ya milimita 9 ni pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba, cha hii mpya ni pauni 50,000. "Mwalimu," akaniambia huku akiniangalia mimi badala ya hadhira, "risasi mbili hizo zaweza kuwa uhai wa askari."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Wala sikubaliani na wale wasemao kwamba kila kipya ni biashara ya wazungu tu. Anayetaka ushahidi na ashuke Ngome ya Yesu, nje ya lango, atazame mizinga miwili iliyobaki na vita vya kwanza vya dunia. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kiingereza Pegasus, wa inchi 4, yaani milimita 101.6. Wa pili ulitoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg, wa milimita 105. Tarehe 20 Septemba 1914, bandarini Unguja, Königsberg iliizamisha Pegasus kwa sababu mizinga yake ilifika mbali zaidi. Makombora ya Waingereza yalikuwa yakianguka majini. Hapo silaha bora ilikuwa bora, na mabaharia walikufa kwa tofauti hiyo.

Lakini mizinga hiyo hiyo ina habari ya pili. Baada ya Königsberg kuangamizwa katika mto Rufiji mwezi Julai 1915, Wajerumani waliing'oa mizinga yake wakaikokota nchi kavu. Tangu hapo swali halikuwa tena unafika wapi, bali makombora yatatoka wapi, maana bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kombora la Pegasus lisingewafaa kitu. Milimita tatu na kitu, unene usiozidi wa sarafu mbili, zatosha kuugeuza mzinga kuwa chuma cha kufungia ng'ombe.

Upande wa wapinzani ulifunguliwa na binti mmoja mwenye sauti ya chini, na yeye ndiye aliyetusimulia kisa cha Miami. Nimekipitia tena mwenyewe na nakieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa sijui kisa kingine kinachoijibu hoja hii vizuri zaidi.

Tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili katika mji huo wa Florida. Mapema katika mapambano jambazi mmoja alipigwa risasi ya milimita 9 iliyopita katika mkono wake, ikaingia kifuani, ikakoma kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilikuwa la kumwua, lakini halikumwua upesi. Aliendelea kufyatua, na maafisa wawili wakafa, wengine watano wakajeruhiwa. Lawama ikaangukia risasi. FBI ikaanza majaribio ya kufyatua katika gelatini, ikaweka kipimo kwamba risasi ipenye angalau inchi 12. Kisha ikachagua risasi kubwa zaidi, ya milimita 10. Kumbe ilikuwa kali mno: bastola yake nzito, teke lake lawashinda wengi. Ikapunguzwa baruti, na ilipopunguzwa, watengenezaji wakaona ganda refu halina kazi tena, wakalifupisha. Hivyo mwaka 1990 ikazaliwa .40 S&W, na idara za polisi nyingi za Marekani zikaikimbilia. FBI yenyewe iliichukua mwaka 1997.

Je, mwisho wake? Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kilieleza kwa maandishi kwa nini yafaa kurudi kwenye milimita 9. Vipande vyenyewe vilikuwa vimeundwa upya kwa ustadi hata tofauti ya majeraha ikawa haionekani, bastola zilibeba risasi nyingi zaidi, hazikuchakaa upesi, na zaidi ya yote, maafisa wengi walilenga vizuri na kwa haraka zaidi na ile ndogo. Karibu miaka 30 ya kununua bastola, kuziuza, kununua nyingine na kufundisha watu upya, kisha msafara ukarejea ulikoanzia. Waama, waliotajirika katika safari hiyo si askari.

Sasa tutazame kwetu. Milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwaka 1902, ndiyo risasi ya bastola za Ceska na Jericho ambazo polisi wetu wanazo. Ndiyo pia mojawapo ya risasi zinazotengenezwa na kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret, shirika lililoanzishwa mwaka 1997. Kuiacha ni kuacha mitambo hiyo, au kununua mingine, na papo hapo kuagiza bastola mpya kutoka katika viwanda vichache mno vinavyoitengenezea risasi ile nafasi. Kwa rai yangu fedha hizo zingenunua risasi za mazoezi. Askari mwenye risasi 12 ambaye mkono wake haujazoea kulenga hana faida juu ya mwenye 10. Ana hatari mbili zaidi. Na katika vichochoro vya Kibokoni, ambako ukinyosha mikono yote miwili unakaribia kugusa kuta za majirani, kila risasi iliyokosa shabaha humpata mtu, mlango au dirisha.

Binti yule alimaliza kwa swali moja: "Naomba wenzangu wanitajie mtu mmoja hapa Mombasa aliyekufa kwa sababu risasi ya polisi ilikuwa ndogo." Ukumbi ukanyamaza. Hakuongeza neno, akarudi kuketi. Kila aliyekuwamo alijua majina ya waliokufa kwa sababu nyingine.

Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo kijana yule mrefu akasimama mara ya pili, akaitupa hoja yake ya kwanza kando na kuleta nyingine ambayo sikuitarajia. Alisema: raia wenye leseni wana milimita 9, majambazi wana milimita 9, polisi wana milimita 9. Ganda likiokotwa njiani halisemi ni la nani. Polisi wangekuwa na risasi yao peke yao, ganda lingesema.

Nilimjibu kama mwamuzi asivyopaswa kujibu. Nilimwambia kwamba kila bastola huacha alama zake juu ya ganda, na mtutu juu ya kipande, hata mtaalamu aweza kutambua ni bastola ipi iliyofyatua, mradi ipatikane au alama zake ziwe zimehifadhiwa. Nilimkumbusha kwamba Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 lamtaka afisa atumie silaha pale tu njia nyepesi zisipotosha, atoe taarifa kila anapofyatua, na kwamba kifo au jeraha kubwa lipelekwe mbele ya mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na ganda likiokotwa kabla ya mpelelezi kufika, Mwalimu?"

Ganda likiokotwa, basi, hata lingekuwa la kipenyo gani, halisemi kitu. Nilimwambia hivyo, naye akakubali kwa kichwa tu.

Ushindi niliwapa wapinzani, na sioni sababu ya kuugeuza. Kalamu niliyokuwa nimeileta iwe zawadi ya msemaji bora nilimpa yule kijana.